Hekalu la mungu wa kike katika Uhindu

Hekalu la mungu wa kike (kwa Kisanskriti: devi mandir) ni nyumba ya ibada ya dini ya Uhindu ambamo mungu anayeheshimiwa kuliko wengine ni wa kike. Waumini humwita Devi, Shakti, Amba au Mata, yaani "Mama". Kwao hekalu si hasa ukumbi wa mikutano wala mahali pa kusikilizia mahubiri. Ni nyumba anamokaa mama huyo, na mtu huenda huko ili amwone na kuonwa naye. Karibu kila desturi ya hekaluni, kuanzia kuvua viatu mlangoni hadi kupokea chakula kilichobarikiwa, inatokana na wazo hilo.

Katika Afrika Mashariki ibada hiyo ililetwa hasa na wahamiaji kutoka Gujarat, jimbo la magharibi mwa Uhindi. Mahekalu ya Kihindu yanapatikana Mwanza, Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala na katika miji mingine. Mengi kati yake huweka miungu kadhaa chini ya paa moja, na mara nyingi Mama ni mmojawapo.

Mhindi, Mhindu na Baniani

Katika Kiswahili cha kila siku neno "Mhindi" hutumika kwa mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, bila kujali dini yake. "Mhindu" ni mfuasi wa dini ya Uhindu tu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu: wapo Waislamu (Waismailia, Wabohora, Washia Ithnaasheri na Wasunni), wapo Masingasinga, na wapo Wakristo wenye asili ya Goa. Neno la zamani "Baniani" lilitumika pwani hasa kwa wafanyabiashara Wahindu, nalo limebaki katika methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa".

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika miji ya pamba ya Usukuma wenye maduka wote walijulikana kwa jina moja la "Wahindi". Mteja aliyewafahamu kwa jina hilo peke yake hakuweza kujua ni nani kati yao aliyeswali msikitini siku ya Ijumaa, na ni nani aliyewasha taa ya samli kila jioni mbele ya picha ya Mama aliyepanda simba.

Mama huyo ni nani

Wahindu wengi husema kwamba Uungu ni mmoja, lakini hujidhihirisha kwa majina na sura nyingi. Wale wanaomwona Mama kuwa ndiye asili ya vyote huitwa Washakta, kutokana na neno shakti, yaani nguvu. Kwa mafundisho yao, hata miungu wa kiume hawawezi kutenda lolote bila nguvu hiyo.

Maandiko yao makuu ni Devi Mahatmya, sehemu ya kitabu Markandeya Purana, ambayo wataalamu wengi huona iliandikwa mnamo karne ya 6 BK. Ndani yake kuna habari za Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati, aliyewashinda miungu na kuwafukuza mbinguni. Hasira na nguvu za miungu wote ziliungana zikawa mwanamke mmoja, Durga. Kila mungu alimpa silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu lenye makali, na wengine upinde, upanga na radi. Alipewa pia simba wa kupanda. Pepo aliyewashinda miungu akauawa na mwanamke. Ndiyo sababu sanamu za Durga zina mikono mingi, mara nyingi minane au kumi, na kila mkono umeshika chombo chake.

Sura nyingine zinazojulikana sana ni hizi:

Lakshmi ni mama wa baraka na mali. Hukaa juu ya ua la yungiyungi. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua na kubariki daftari mpya za hesabu mbele yake wakati wa Diwali.

Saraswati ni mama wa elimu, lugha na muziki. Hushika kitabu na ala ya nyuzi iitwayo vina.

Kali ni mweusi, mwenye ulimi uliotoka nje na shada la mafuvu shingoni. Wageni humwona wa kutisha, lakini waabudu wake humwita mama, kwa kuwa ukali wake ni dhidi ya uovu.

Khodiyar huheshimiwa hasa Gujarat. Mnyama wake ni mamba.

Aidha koo nyingi za Kihindu zina mama mlinzi wa ukoo, aitwaye kuldevi. Kwa mfano, kati ya Wapatel, tawi la Kadva humheshimu Umiya, ambaye hekalu lake kuu liko Unjha, na tawi la Leuva humheshimu Khodiyar. Ndoa inapofungwa au mtoto anapozaliwa, ni desturi familia kwenda kumshukuru mama wa ukoo wao, hata kama ni lazima kuvuka bahari.

Asili ya utakatifu wa mahali

Si kila mahali pa Mama palichaguliwa na watu, kwa imani ya Wahindu. Masimulizi yanasema kwamba Sati, mke wa Shiva, alijitupa motoni baada ya baba yake kumdharau mume wake mbele ya wageni wa sadaka. Shiva alibeba maiti yake akizunguka dunia kwa huzuni, hata ulimwengu ukawa hatarini. Vishnu akaukata mwili ule vipande vipande kwa gurudumu lake ili kumpunguzia Shiva mzigo. Kila kipande kilipoanguka pakawa patakatifu. Mahali hapo huitwa Shakti Pitha, yaani "kiti cha nguvu". Hesabu inayotajwa zaidi ni 51, ingawa maandiko hayakubaliani.

Viti hivyo vimesambaa kuvuka mipaka ya nchi za leo. Kamakhya uko Assam, mashariki ya mbali ya Uhindi. Kalighat uko katika jiji la Kolkata. Hinglaj uko katika milima ya Balochistan, nchini Pakistan, na hata baadhi ya Waislamu wa huko hupaheshimu na kumwita mwenye mahali hapo "Nani", maana yake bibi mzaa mama.

Kwa Wagujarati mahali panapopendwa sana ni Ambaji, ambapo inasemwa moyo wa Sati uliangukia. Ndani ya hekalu hilo hakuna sanamu. Kuna mchoro mtakatifu uitwao yantra, ambao huvishwa nguo na mapambo hata mtu akiutazama kwa mbali huona kama umbo la Mama. Kila mwaka, kwenye mwezi mpevu wa Bhadarvo (Agosti au Septemba), mamia ya maelfu ya watu hufika huko, wengi wao kwa miguu kutoka vijijini mwao.

Muundo wa hekalu

Chumba cha ndani kabisa, anamokaa Mama, huitwa garbhagriha. Kwa Kisanskriti garbha ni tumbo la uzazi na griha ni nyumba. Kwa kawaida ni chumba kidogo, chenye giza, kisicho na madirisha, na taa ya mafuta au samli ndiyo inayokiangaza. Ni kuhani tu, aitwaye pujari, anayeingia humo. Mbele yake kuna ukumbi wa waumini, na kulizunguka hekalu huachwa njia ya kutembea. Katika mahekalu ya zamani mnara hujengwa juu ya chumba hicho.

Mahekalu ya Afrika Mashariki mara nyingi ni ya kisasa zaidi: ukumbi mpana wenye sakafu ya marumaru, na upande mmoja safu ya vijumba vyenye sanamu, kila kimoja na pazia lake.

Siku ya Mama hekaluni

Sanamu iliyowekwa wakfu huhudumiwa kama mtu mwenye heshima anavyohudumiwa nyumbani. Alfajiri huamshwa kwa nyimbo. Huoshwa, huvishwa nguo safi, hupakwa unga mwekundu wa kumkum na kuvikwa maua. Huandaliwa chakula. Mchana hupumzika, na jioni hupokea wageni tena, kisha hulazwa.

Kwa sababu hiyo mahekalu mengi hufungwa mchana. Mgeni anayefika saa 8 mchana na kukuta pazia limefungwa hajakosewa heshima. Amefika wakati mwenye nyumba amelala.

Hatua za ziara

Muumini hujiandaa nyumbani kwa kuoga na kuvaa nguo safi. Wengi hawali nyama siku hiyo, na Wahindu wengi wa Kigujarati hawali nyama siku yoyote. Huchukua zawadi: maua, matunda, ubani, kitambaa chekundu chenye nakshi ya dhahabu kiitwacho chundadi, na nazi. Nazi ina nafasi kubwa. Wengi hueleza kwamba ganda gumu ni majivuno ya mtu, na kulivunja mbele ya Mama ni kuyavunja majivuno hayo ili weupe wa ndani uonekane.

Mlangoni viatu huvuliwa. Muumini hupiga kengele iliyoning'inizwa juu, kama anayebisha hodi, kisha husimama mbele ya Mama akiwa ameunganisha viganja vya mikono. Kitendo kinachofuata ndicho kiini cha ziara yote, nacho huitwa darshani, yaani kuona. Muumini humtazama Mama machoni, na huamini kwamba Mama naye anamtazama. Ndiyo maana macho ya sanamu hufanywa makubwa na ya wazi, na katika sherehe ya kuiweka wakfu kufunguliwa kwa macho ni hatua ya pekee. Haja haisemwi kwa sauti. Wapo wanaosafiri siku nzima kwa ajili ya dakika moja ya kutazamana huko, na hurudi wakisema wamepata walichokifuata.

Wakati wa arati kuhani huzungusha taa za samli mbele ya Mama, huku kengele zikilia na watu wakiimba. Kisha taa hupitishwa kwa waumini. Kila mmoja huweka viganja juu ya mwali kidogo na kuvigusisha machoni na kichwani, kama anayejipaka mwanga.

Baadaye hugawiwa prasadi. Hiki ni chakula kilichotolewa kwanza kwa Mama, kikarudi kwa watoto wake: kipande cha nazi, ndizi, lozi, sukari ya mawe au halua ya semolina. Hupokelewa kwa mkono wa kulia, na wote hupata kilekile, tajiri na maskini. Mwishoni muumini hulizunguka hekalu, au chumba cha Mama, kwa kuelekea kulia ili Mama awe daima upande wake wa kulia. Wengi huketi chini dakika chache kabla ya kuondoka, kwa kuwa si adabu kumtembelea mama na kutoka mbio.

Suala la sanamu

Kwa Waislamu na Wakristo walio wengi katika nchi zetu, jambo hili ndilo gumu zaidi, kwa kuwa dini zao zinakataza kuabudu sanamu. Wahindu wenyewe hujibu kwamba hawaabudu jiwe wala udongo. Sanamu ni kiti ambacho Mama anaombwa kukalia, na kabla ya kuwekwa wakfu ni kazi ya fundi tu. Mfano wazi ni sikukuu ya Durga huko Bengali: sanamu hufinyangwa kwa udongo, huheshimiwa kwa siku chache, kisha siku ya mwisho hubebwa na kuzamishwa mtoni ili udongo urudi kuwa udongo.

Hata hivyo, si Wahindu wote wanaokubali hoja hiyo. Arya Samaj, chama cha matengenezo kilichoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875, kinakataa ibada ya sanamu na kufuata ibada ya moto na masomo ya Veda. Chama hicho kina matawi Nairobi na Dar es Salaam. Hivyo majadiliano juu ya sanamu yamo ndani ya Uhindu wenyewe.

Navaratri

Sikukuu kuu ya Mama ni Navaratri, maana yake "usiku tisa", katika Septemba au Oktoba kufuatana na mwezi. Siku ya kumi, Vijayadashami, hukumbuka ushindi. Diwali hufuata baada ya siku 20 hivi.

Wagujarati husherehekea kwa ngoma ya duara iitwayo garba. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake, au picha ya Mama, na watu huzunguka wakipiga makofi. Jina la ngoma hiyo linatokana na neno lilelile garbha: chungu ni tumbo la Mama na taa ni uhai uliomo. Kwa hiyo chungu hicho na chumba cha ndani cha hekalu ni kitu kimoja kwa maana, ingawa kimoja ni cha mawe na kingine hubebwa mikononi. UNESCO iliandikisha garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, baada ya Durga Puja ya Kolkata mwaka 2021.

Afrika Mashariki na nchi ya pamba

Wafanyabiashara Wahindu wamekuwepo pwani kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, kutoka Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa Masultani. Katika Mji Mkongwe, mtaa wa Hurumzi, lipo hekalu la Shiv Shakti, ambalo jina lake linaunganisha Shiva na nguvu ya kike. Dar es Salaam mahekalu kadhaa yanasimama karibukaribu eneo la Kisutu.

Bara, wahamiaji walifuata reli na mazao. Wilaya ya Maswa, ambayo leo imo katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ni sehemu ya nchi ya pamba ya Usukuma. Reli kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita wilayani humo kwenye kituo cha Malampaka. Wakati wa utawala wa Waingereza ununuzi na uchambuaji wa pamba Usukuma ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, ambao pia waliendesha maduka katika miji midogo. Miaka ya 1950 wakulima waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililojulikana kama VFCU, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Hatua kwa hatua ushirika ulishika biashara ya pamba. Baada ya Azimio la Arusha (1967) na utaifishaji wa majengo ya kupangisha (1971), familia nyingi zilihamia miji mikubwa, Uingereza au Kanada.

Dini ya familia za Kihindu za miji midogo haikutegemea jengo. Nyumba ya Kihindu huwa na altare yake, hata kama ni rafu moja yenye picha, taa na kijiko cha samli, na mara nyingi mama wa nyumba ndiye kuhani wake. Chungu cha Navaratri chaweza kuwashwa uani, katika ghala au katika ukumbi wa jumuiya. Hekalu hutembelewa pale safari inapopatikana. Kwa mtu wa Maswa au Bariadi, mahekalu ya Mwanza ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Wepesi huo wa kubebeka umeisaidia ibada ya Mama kuvumilia kuhama. Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 waliibeba hadi Leicester, Uingereza, ambako sherehe za Navaratri na Diwali ni kati ya kubwa zaidi nje ya Uhindi.

Masuala yanayobishaniwa

Kwa karne nyingi watu wa matabaka ya chini kabisa, leo wakiitwa Dalit, walizuiwa kuingia katika mahekalu mengi, hata nyumbani kwa aliyeitwa mama wa wote. Utawala wa Travancore ulifungua mahekalu yake kwa Wahindu wote mwaka 1936. Tarehe 8 Julai 1939 kundi lililoongozwa na Vaidyanatha Iyer liliingia na watu hao katika hekalu la Meenakshi huko Madurai, mojawapo ya mahekalu makubwa ya mungu wa kike. Katiba ya Uhindi ya mwaka 1950 ilipiga marufuku utengano huo.

Desturi huwataka wanawake wasiingie hekaluni siku za hedhi, na wanawake wengi wa leo huipinga. Wanaoipinga hutaja Kamakhya yenyewe: huko, katika Juni, hekalu hufungwa siku tatu kwa kuwa Mama anaaminiwa yuko katika hedhi, kisha umati hufika kupokea baraka zake.

Suala la tatu ni dhabihu. Kalighat na Kamakhya mbuzi bado huchinjwa. Wahindu wengi wa Kigujarati, pamoja na wale wa Afrika Mashariki, hukataa jambo hilo na kutoa nazi.

Adabu kwa mgeni wa dini nyingine

Mahekalu machache ya Uhindi huwazuia wasio Wahindu kuingia sehemu ya ndani. Afrika Mashariki mgeni mwenye adabu kwa kawaida hukaribishwa, ila ni vizuri kuuliza kwanza. Mavazi yafunike mabega na magoti. Viatu vibaki nje. Nyama, pombe na sigara visiingizwe. Ukiketi, usinyooshe miguu kuielekea sanamu. Picha zisipigwe bila ruhusa.

Mgeni halazimiki kuabudu. Anaweza kusimama kando kimya, kama vile asiye Mwislamu anavyokaa kimya msikitini wakati wa swala. Mtu ambaye dini yake haimruhusu kula chakula kilichotolewa mbele ya sanamu anaweza kukataa prasadi kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa kidogo, wenyeji huelewa. Kisichofaa ni kuipokea kisha kuitupa, kwa kuwa kwa aliyeitoa hicho ni chakula kutoka mkononi mwa mama yake.